Paka Aliyemchagua Fundi wa Viatu

Watoto wa paka walikuwa wanne ndani ya kartoni ya sabuni, na aliyewaokota ni mimi. Naanza na jambo hilo kwa sababu baadaye watu wa avenyu yetu, barabara yetu ndogo, walilisahau, na wakati mwingine nilihisi hata paka wenyewe wamelisahau.

Walikuwa wametupwa juu ya mawe meusi nyuma ya soko, upande ambao wenye depo humwaga takataka zao. Hapa Goma kila depo ya unga au maharagwe ina paka wake, maana panya wakiachwa wiki moja tu magunia yanabaki matambara. Lakini paka huyo akizaa, mwenye depo humtaka mama peke yake. Mwaka ule mambo yalizidi, kwa sababu watu wengi walikuwa wamehama mji na kuacha paka nyuma, na paka hawakuacha kuzaa. Nilikuwa napita na vitenge vyangu kichwani nikasikia kilio chembamba kikitoka chini. Nilitua mzigo. Macho ya wote wanne yalikuwa yamegandana kwa usaha, na mmoja wao, wa kijivu, alikuwa mdogo kuliko kiatu cha mtoto.

Sikuwa mtu wa kufuga kitu. Tangu nimalize sekondari sijawahi kukaa katika nyumba moja miaka miwili. Bunagana niliuza vitunguu mpakani, Rutshuru nilipika chakula cha madereva, Kampala nilifuata vitenge, Kisangani nilimfuata mtu. Kila nilipofika nilianza kukumbuka nilipotoka. Nikiwa Kisangani niliwaza baridi ya kwetu Masisi mpaka nikaota moshi wa jikoni kwa mama yangu. Niliporudi huku, nikaanza kuukumbuka mto wa Kisangani. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na vitu vyangu vyote vinaenea katika masanduku mawili.

Chumba nilichopanga mtaa wa Majengo kilitazamana na nyumba ya mbao ya muzee mmoja fundi wa viatu. Tulikuwa wawili tu ndani ya parseli, yaani kiwanja kile chenye ua mmoja. Muzee yule alikuwa amekaa mlangoni pake, juu ya kiti kile kile kifupi, tangu mimi nikiwa mwanafunzi hapa Goma. Nyumba yake ya kwanza iliungua wakati wa volkano, akajenga nyingine palepale, akaweka kiti palepale. Aliniambia hajawahi kufika mbali kuliko Sake, na hata Sake alikwenda kwa msiba. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia miguu yake inavaa viatu bure.

Nilipomwonyesha kartoni, alichungulia, akatoa misumari aliyokuwa ameibana kwa midomo, akasema, "Mama, hawa wanataka joto kwanza. Hayo mengine baadaye." Akanipa koti lake kuukuu niwatandikie. Nilimjibu kwamba nilijua. Sikuwa najua, lakini sikutaka mtu aingie katika jambo langu mapema hivyo.

Kosa la maziwa lilikuwa langu pia. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kwetu milimani maziwa yalikuwa jibu la kila kitu: mtoto akikohoa, maziwa, mgeni akichoka, maziwa, watu wawili wakigombana, wanapewa maziwa kabla ya kuulizwa kilichotokea. Marehemu baba angesikia kwamba kuna kiumbe kinachodhuriwa na maziwa ya ng'ombe, angedhani anatukanwa. Kwa hiyo nilitafuta maziwa ya Masisi yenyewe, mazito, nikayapasha moto, nikawanywesha wale wanne kwa bomba la sindano. Muzee alinitazama toka kitini pake.

"Mimi sijue mambo ya ng'ombe," alisema. "Lakini mama yao haikuwa ng'ombe."

Nilicheka kwa sauti. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata mbuzi ananifundisha maziwa.

Siku ya tatu wote walikuwa wanaharisha maji. Yule wa kike mwenye mistari alikufa asubuhi, mdomo wake ungali mweupe kwa maziwa. Katika mtaa wetu huwezi kuchimba, chini ni mwamba mtupu; muzee aliinuka, akaondoa mawe moja moja nyuma ya choo mpaka pakapatikana shimo, akamweka, akayarudisha mawe. Ningependa angenilaumu.

Nikawabeba watatu waliobaki mpaka kwa daktari wa mifugo. Ni mtu wa ng'ombe, mikono yake imezoea kazi kubwa kubwa, akatuona na kartoni yetu akatabasamu. Aliazima mizani ya maharagwe kwa jirani yake ili ajue kiasi cha dawa ya minyoo, akawaweka wote watatu kwa pamoja, mshale haukusogea. Aliniuliza nimewapa nini. Nilipomwambia, aliuliza kama mimi ni wa Masisi.

"Nyinyi munaua paka na upendo," alisema.

Akanieleza cha kufanya, na nilikifanya chote. Maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo na sukari kidogo, tone kwa tone, mpaka tumbo lifunge. Baadaye sambaza, dagaa wa ziwani, waliochemshwa bila chumvi na kutwangwa laini. Macho kuoshwa kwa pamba na maji ya uvuguvugu, halafu pomadi, dawa ya kupaka machoni, mara tatu kwa siku. Dawa ya minyoo ingesubiri mpaka mizani iwatambue. Kwa wiki nne sikwenda soko lolote zaidi ya lile la karibu. Nilifungwa na saa za dawa, mimi ambaye hata ndoa haikunifunga. Wawili weupe walipona upesi. Wa kijivu alikawia. Jicho la kulia lilifunguka safi, la kushoto lilibaki na wingu, na kila nilipomshika kulisafisha alinichana mpaka mikono yangu ikawa kama ya mtu aliyevuna mtama.

Alipoanza kuona, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuka ua.

Nakumbuka vizuri. Nilimaliza kumpaka pomadi, nikamweka chini, akasimama akitikisa kichwa. Halafu akatembea, akiyumba, akapita kati ya mawe, akafika mpaka kwenye miguu ya muzee, akapanda juu ya mapaja yake, juu ya ile aproni ya ngozi iliyojaa gundi, akajikunja. Muzee hakumgusa. Alikuwa anashona soli, aliendelea kushona. Paka akalala.

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mimi nilimpa chakula, nilimpa dawa, nilimfutia makalio, naye akishamaliza kula kwangu alijifuta mdomo na kwenda kwa muzee, kama mtu anayetoka mgahawani kurudi nyumbani. Nilianza kumchukia muzee kwa sababu ya mapaja yake. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikiwa nafua, macho yangu yalikuwa kule. Nikisikia anacheka peke yake, nilijua ni paka, na nilikwaruza sufuria ili nisisikie.

Nilijaribu kukaa. Nilinunua kigoda, nikakiweka mlangoni pangu, nikaweka sambaza mmoja mfukoni. Nilidumu muda wa kuchemsha chai. Miguu ilianza kuniwasha, nikakumbuka kitenge ambacho sijakipeleka, mara nikakumbuka rafiki mmoja wa Bukavu, nikainuka. Paka alikuwa amefika katikati ya ua akija kunusa mfuko. Niliposimama alishtuka, akageuka.

Wateja ndio waliomaliza kazi. Mama mmoja aliyeleta viatu vya ibada alimwambia muzee, "Paka yako inapona muzuri." Muzee alikuwa na misumari mdomoni, hakuweza kujibu, akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani aliitikia salamu. Mimi nilihesabu kwamba ameitikia umiliki.

Weupe wawili niliwatafutia nyumba bila taabu. Mmoja alichukuliwa na mama wa unga sokoni, mwingine na familia ya nyuma ya duka la dawa. Niliwapeleka kwa desturi ya kwetu: paka anayehamishwa anabebwa ndani ya gunia, asione njia, na anayembeba hazungumzi naye, kusudi asisikie sauti inayoondoka. Mama yangu alikuwa mkali sana juu ya hilo. Alisema paka aliyeona njia ni mali ya njia.

Wa kijivu aliruhusiwa na daktari kuondoka. Wingu lilikuwa limepungua, alibaki na doa dogo, uzito wake ulisogeza mshale. Wote walitegemea kwamba atabaki palepale kwenye parseli. Muzee alikuwa amekwisha kumkatia ukanda mwembamba wa ngozi wa shingoni, wenye tundu la ziada kwa siku atakapokua. Nilipouona ule ukanda juu ya meza yake ya kazi, niliingia ndani, nikakaa juu ya sanduku. Kama paka angebaki, angekuwa wa muzee, na mimi ningekuwa nesi tu anayeishi mlango wa pili. Nikaona afadhali asiwe wa mtu yeyote kati yetu.

Nilikuwa namfahamu mama mmoja wa Rutshuru mwenye depo ya maharagwe Ndosho. Mtu mpole, ana nafasi, alikuwa akitafuta paka. Nilimwambia muzee siku hiyohiyo ya safari, gunia likiwa mkononi, kwamba paka amepatiwa nyumba. Alikigeuzageuza kiatu cha mtu kilichokuwa mkononi mwake.

"Jicho la kushoto waendelee kuliosha," alisema mwishoni. "Waambie. Ni wapi?"

"Himbi," nilisema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Himbi ni upande wa ziwa, Ndosho ni upande wa kutoka mjini kwenda Sake. Nilimdanganya muzee ambaye umri wake ungeweza kuwa wa baba yangu, tena bila kumeza mate.

Nilimbeba paka kwa njia za mzunguko, sikuzungumza naye, na nilimkabidhi. Njiani kurudi nilijisikia mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka asubuhi iliyofuata, nilipotoka na beseni nikaona kiti cha muzee hakina mtu.

Sikuwahi kukiona hivyo. Hata siku za risasi alikaa. Nilidhani ni mgonjwa, nikabisha hodi, hakuna jibu. Alirudi mchana na fimbo yake, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, akaniambia alitoka kunyoosha miguu. Siku ya pili vilevile. Wateja waliacha viatu mlangoni, lundo likakua. Siku ya tatu nilimuuliza anakwenda wapi, akasema tu, "Nataka kuona lile jicho. Si jambo kubwa. Himbi ni kubwa kuliko nilivyodhani."

Mtu ambaye hakuwa na desturi ya kutoka avenyu yake alikuwa anapita nyumba za Himbi, geti kwa geti, anawauliza walinzi kama wameona mtoto wa paka wa kijivu. Nilijua napaswa kusema. Badala yake, Mungu anisamehe, nilizidi kuona wivu. Kwangu mimi hakuna mtu aliyewahi kunitafuta hata avenyu moja. Niliondoka Kisangani asubuhi, na mpaka leo sijui kama yule mtu aligundua kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ya siku hiyohiyo mama wa Ndosho alinipigia simu. Alisema paka hajala kitu tangu afike. Yuko nyuma ya magunia, anavuta pumzi kwa haraka, jicho limeanza kutoa maji tena. Alikuwa amejaribu nyama, amejaribu sambaza, amejaribu hata yai. Aliuliza kama mimi, niliyemlea, naweza kuja.

Nilikwenda alfajiri, na lazima niseme ukweli: nilikwenda kwa furaha. Nilipika sambaza kama siku zote, nikawatwanga, nikabeba pomadi na pamba. Njia nzima nilikuwa naona jinsi atakavyosikia sauti yangu na kutoka. Ingekuwa ni mimi. Muzee yuko Himbi anabisha mageti, na paka anatoka nyuma ya magunia kwa sababu yangu mimi.

Nilipiga magoti juu ya sakafu ya depo, nikaita. Nilimwona pale ndani, macho mawili, moja likiwa limefumba nusu. Aliponisikia alirudi nyuma zaidi, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilisukuma sahani. Hakuitazama. Mkono wangu ulinuka pomadi, na kwake yeye harufu ile ilikuwa na maana moja tu. Nilikaa saa nzima nikibadilisha sauti zote ninazozijua. Mwishowe nilinyamaza, na katika kunyamaza nikaona mbavu zake zinavyopanda na kushuka. Nilikumbuka mdomo ule mweupe. Daktari alikuwa ameniambia kwamba paka mdogo asiyekula siku nne haendi ya tano kirahisi. Hiyo ilikuwa ya nne.

Nilimwambia mama wa depo anisubiri.

Nilimkuta muzee anafunga mlango, fimbo mkononi. Nilisimama mbele yake katika ua, sikumkaribia sana.

"Muzee, paka hayuko Himbi. Yuko Ndosho. Nilikudanganya."

Alinitazama. Sikuweza kumtazama mimi, nilitazama lile lundo la viatu.

"Nimemaliza avenyu sita za Himbi," alisema. "Mama, ungeniambia tu kama hutaki nijue. Ningekaa."

Nilimwambia kwamba paka amekataa kula. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nilitaka kuita pikipiki, akasema hajawahi kupanda na haanzi leo. Tulitembea. Toka Majengo mpaka Ndosho, na mguu wake ule unaochechemea, ilituchukua asubuhi nzima, na alinisemesha mara moja tu, aliponiuliza kama nimesafisha jicho. Nilisema nimeshindwa. Akasema, "Aya."

Depo ilikuwa na watu wawili wakinunua maharagwe. Muzee aliwasalimu, akamsalimu mama mwenye depo, akaomba mahali pa kukaa. Alipewa gunia lililojaa nusu. Akakaa. Hakuita, hakupiga magoti, hakuuliza sahani iko wapi. Alitoa mfukoni kipande cha ngozi na kisu chake kidogo, akaanza kukichonga, kana kwamba amekuja kufanya kazi. Mimi nilisimama mlangoni. Nilitaka kuzunguka, nilitaka kusaidia, nikajishika mikono.

Muda si mrefu magunia yalitoa sauti ndogo. Wa kijivu alitoka kwa tumbo, akatambaa pembeni ya ukuta, akanipita mimi bila kunitazama, akafika kwenye suruali ya muzee akainusa. Akapanda. Alishindwa mara ya kwanza kwa udhaifu, muzee akashusha goti kidogo, akapanda. Baada ya muda muzee alinyoosha mkono nyuma, akaashiria sahani. Nilimletea mimi. Paka alikula sambaza wangu kutoka kiganja chake.

Mama wa depo alifuta macho na kitenge. Alisema paka huyu ana mwenyewe, tumrudishe, yeye atapata mwingine. Muzee alinitazama mimi.

"Ni wewe ulimupatia watu," alisema. "Sema wewe."

Naweza kusema kwamba nilifikiria mema ya paka. Depo ilikuwa kavu na yenye joto, kulikuwa na mama mzuri, kulikuwa na panya wa kumtosha miaka kumi. Hayo yote ni kweli. Lakini niliyaona pia mapaja yale mlangoni, mbele ya dirisha langu, kila siku ya Mungu.

"Abaki hapa," nilisema.

Muzee hakubisha. Alimkuna paka nyuma ya sikio, akasema basi atakuwa anakuja mpaka azoee. Siku ya kwanza alikwenda na fimbo tu. Siku ya pili alikwenda na sindano na uzi. Mwisho wa wiki alikodi mkokoteni, akapakia sanduku la vifaa, lundo la viatu na kile kiti, akaweka kila kitu chini ya ukingo wa bati la depo, mahali ambapo wachukuzi wa magunia hupita siku nzima na sandali zilizokatika. Anatoka asubuhi, anarudi giza likianza kuingia. Mama wa depo hunipigia simu kunishukuru. Jicho limebaki na doa, lakini paka anakamata panya wakubwa kama kichwa chake.

Nami nimebaki na parseli mchana kutwa. Wateja wa zamani bado wanakuja, wanasimama mbele ya mlango uliofungwa, wanageuka kwangu. Juzi alikuja yule mama wa viatu vya ibada, kisigino mkononi. Aliuliza kama muzee amekufa. Nikamwambia hapana, amehamishia kazi Ndosho, kwenye depo ya maharagwe, aulize tu ataonyeshwa.

"Ndosho? Muzee huyu?" Alicheka. "Kuko nini kule?"

"Kuko paka."

"Paka ya nani?"

Nilikuwa nimeshika ile pamba iliyobaki ya kusafishia jicho. Nilitazama makovu ya kucha juu ya mikono yangu, moja lilikuwa bado jekundu. Kulikuwa na jibu fupi na nilikuwa na haki nalo, au nusu ya haki.

"Ya muzee," nilisema, na nikamwelekeza njia.